Injini Iliyoungua Kabla ya Kuona Mto

Niliunguza injini ya boti uani kwetu, mtaa wa Iftin, mbali kabisa na mto. Nimeanza na aibu yenyewe ili usikae ukingojea mbaya zaidi. Hakuna.

Hiyo injini nilinunua pamoja na rafiki yangu wa Madogo, ng'ambo ya daraja, mtu aliyekulia kando ya Tana. Mto ukifura, barabara ya kwenda kwao inazama na watu wanavuka kwa boti. Yeye alikuwa na boti na akili, mimi nilikuwa na hamu tu. Sisi ni watu wa ngamia, na shule niliacha form two, nadhani mambo ya injini walikuwa wamepanga form three.

Sasa kwetu mali mpya haianzi kazi bila dua. Hooyo, mama yangu, akapika, wazee wakaja, injini tukaifunga kwenye benchi kama mgeni wa heshima. Mzee mmoja akasema angependa kusikia sauti yake. Nikavuta kamba, ikanguruma, watu wakafurahi. Papo hapo sheikh akainua mikono. Nitazimaje injini katikati ya dua, nionekane mtu wa aina gani? Nikaiacha. Sheikh akaombea abiria, akaombea mto, akaombea mpaka watu wa Lafey, kule kukavu, ambao boti hawajawahi kuiona. Moshi ulipoanza nilidhani ni ubani. Tukasema amina, na injini ikajizima yenyewe.

Rafiki yangu alipofika hakugomba. Aliuliza tu maji ya kuipoza yalikuwa wapi. Ndipo nikajua injini ya boti inakunywa mto ikiwa kazini. Mimi nilidhani inavumilia kiu kama ngamia.

Tukampelekea fundi wa pampu za shamba. Alipoifungua, ile feni ndogo ya mpira inayovuta maji ilikuwa imeyeyuka, gasketi imeungua, pistoni imekwaruzika. Akasema inatengenezeka, lakini haapi. Adeer, ndugu ya baba, akasema tuache kuhangaika na maiti, tutafute mpya. Jioni hooyo akaniambia polepole kwamba yuko tayari kuuza ngamia wake, yule anayempa maziwa ya kupeleka sokoni kila asubuhi.

Nikapiga hesabu zote mbili. Nikitengeneza halafu izime katikati ya mto imebeba watu, hizo ni roho za watu. Nikinunua mpya, hooyo anabaki mikono mitupu kwa ajili ya upumbavu wangu. Na mawingu yalikuwa yameshaanza kujikusanya.

Mwisho tukakubaliana: itengenezwe, lakini isibebe abiria hata mmoja mpaka rafiki yangu, si mimi, aseme imepona. Ikikataa, ngamia anauzwa.

Fundi alipomaliza tuliijaribu kwanza ndani ya pipa la maji. Hooyo alikuja kuona. Rafiki yangu akamwonyesha uzi mwembamba wa maji unaoruka ubavuni mwa injini, akamwambia, "Mama, huu ukikatika, tunazima saa hiyo hiyo."

Hooyo akachuchumaa, akautazama muda mrefu, vile anavyotazama mnyama anayetoka kuugua.

"Inakojoa vizuri," akasema. "Tatizo lake halikuwa kubwa. Ni mchungaji tu."

Siku iliyofuata tukaingia mtoni sisi wawili peke yetu. Rafiki yangu alielekeza boti kule maji yanakotoka, ili ikizima, mto wenyewe uturudishe nyumbani. Alikuwa anaizima makusudi, anaiwasha, anaikaza mpaka boti inatetemeka. Mimi kazi yangu ilikuwa kulinda ule uzi wa maji. Nilisoma kimoyomoyo kila kitu nilichofundishwa dugsi, yaani madrasa, vingine nikachanganya. Uzi haukukatika. Ulicheza kidogo pale penye tope, roho yangu ikacheza nao, ukanyooka tena.

Hooyo alikuwa amesimama ukingoni na kibuyu chake cha maziwa. Rafiki yangu akamwambia imepona, ngamia abaki nyumbani. Akasema alhamdulillahi, akatumiminia maziwa, na yangu wallahi yalikuwa machache kuliko ya mwenzangu.

Tulipokuwa tunafunga boti, rafiki yangu akaniangalia vizuri.

"Injini nimeikubali," akasema. "Wewe bado. Kesho watu wakipanda, kaa mbele na usiguse kitu."