Mpiga Ngoma wa Ludara Anayekaanga Watazamaji Wake

Wasomaji watukufu, gazeti letu la shule lina heshima isiyo na kifani ya kuwatangazia mwanamuziki mkuu kuliko wote waliowahi kutokea Koboko. Hana albamu. Hana gitaa. Watazamaji wake wana mabawa, na tamasha likiisha huwakaanga kwa chumvi.

Saa tisa alasiri, kijijini Ludara, Driwaru amepiga magoti mbele ya kichuguu. Amekifunika kwa blanketi kuukuu na kuacha upenyo mmoja unaoelekea shimo alilochimba kando. Ananyunyiza maji, kisha anapiga ubao kwa vijiti viwili: ta-ta-ta-ta. Kumbikumbi wakisikia hudhani mvua imefika, hutoka mbio kama waendao harusini, wakaishia shimoni.

"Wanapenda sherehe kama kaka yangu," anasema. "Ukiita chakula, wote iko."

Kaka mwenyewe, Obitre, amesimama nyuma yake na jembe. Yeye hufyatua matofali, na hakuna udongo unaoshika kama wa kichuguu. Wamepatana hivi: leo kisipojaza beseni, anakibomoa. Wiki nzima hakijatoa hata kumbikumbi mmoja.

"Dada, hii kichuguu imekufa. Wacha ikuwe tofali."

"Wewe ndiye utakuwa tofali. Ngoja."

Ndugu hawa walizaliwa saba katika nyumba ya nyasi, kwa baba aliyelima mihogo ya watu kwa kibarua. "Wenzetu walikuwa na ng'ombe, sisi tulikuwa na kichuguu," anasema Driwaru. Shati la shule lilikuwa moja: Obitre alilivaa asubuhi, yeye mchana. "Lilinifikia na jasho lake. Mwalimu aliniita Obitre mpaka nikazoea kuitika."

Mwaka ambao jua lilichoma mtama, walikula kumbikumbi asubuhi, mchana na jioni. "Tukilala tuliota tunaruka," Obitre anakumbuka akicheka. Kisha anakumbuka pia jembe, anakunja uso.

Siku hizi Driwaru huuza kumbikumbi sokoni Koboko, kikombe shilingi elfu mbili, na msimu ukiwa mzuri hufika nao hadi Arua. Bila kichuguu, atarudi kwenye kibarua cha baba yake.

Ta-ta-ta-ta. Kimya. Obitre anatemea viganja, anainua jembe.

"Ngoja!" Driwaru ameinama. Nyuma ya kichuguu, chini ya majani, kuna mabawa. Mengi, tena mapya. "Mutu alikuja hapa. Na hii haijakufa: maiti haivui nguo."

Anageuka polepole na kumtazama mwandishi wa makala hii, mtoto wa Obitre, aliyerudi likizo kutoka shule ya bweni Arua, na ambaye ghafla anavutiwa sana na mawingu.

"Anguyo. Geuza mfuko wa sweta."

Mwandishi anaeleza kwamba maadili ya kazi yanamkataza kufichua vyanzo vya habari. Shangazi anaugeuza mwenyewe. Vyanzo vya habari, vimekaangwa tayari, vinamwagika miguuni pake, vikimeta chumvi.

"Sasa sema, baba yako asikie. Kichuguu imekufa?"

Hakijafa. Tangu likizo ianze wiki iliyopita, kila mchana shangazi akiwa sokoni na masalio ya akiba yake, mwandishi amekuwa akikipigia ngoma. Leo kilijaza ndoo.

"Ndoo nzima?" Jembe la Obitre linashuka taratibu. "Na baba yako hukumwekea hata kidogo?"

"Obitre! Hiyo ndiyo inakuuma?"

Hata hivyo, jembe limeshuka, na kichuguu kimebaki mahali pake. Driwaru anataka kupeleka mabeseni mawili Arua kabla msimu haujaisha. Mgongo wake umechoka, lakini anasema mpiga ngoma mpya amepatikana, hodari, na hatalipwa.

Kwa kuwa gazeti letu ni la ukweli, mwandishi anakiri kwamba aliomba kuandika makala hii ili asishukiwe.

Chumvi nayo ilikuwa ya shangazi.