Dakika Ishirini Hadi Dar

Safari hii ilianza kwa sababu ya ndoa. Binti wa marehemu kaka yake Mjomba Haji alikuwa anaolewa Mbagala, Dar es Salaam, baada ya sala ya alasiri. Hana baba, hana babu wala ndugu wa kiume, kwa hiyo wa kumwozesha ni Mjomba Haji wa Mkokotoni, Unguja, na bwana harusi atashikwa mkono na yeye. Mimi nikapewa kazi ya kumfikisha, maana sina ajira ya kunizuia. Nikakata tiketi za ndege.

"Dakika ishirini tu, mjomba."

Asubuhi, Mkokotoni, mjomba akaanza kuaga. Anayepanda ndege haondoki kimyakimya: kila nyumba tuliombewa dua, na kila dua ilikuja na chai. Mkewe, Bi Mwanakombo, alitufungia mikate ya kumimina na pweza wa kukaanga.

"Safari ya mbinguni hiyo. Msije mkafa njaa."

Adhuhuri tuliingia uwanja wa ndege wa Kiembe Samaki, tukihema. Nikamuuliza rubani Dar ni umbali gani.

"Kilomita sabini na kitu."

Nikashangaa. Kutoka Mkokotoni mpaka pale ni karibu nusu ya hizo, na zilitumalizia asubuhi nzima.

Angani, mjomba alingoja ndege itulie, akatandika kitambaa mapajani, akakata mkate, akamkaribisha na mgeni aliyekaa jirani. Hajameza tonge la pili, masikio yakaziba.

"Mbona inashuka? Imeharibika?"

"Tushafika, mjomba."

"Weye! Watu hawajala!"

Dar tukapanda teksi, na teksi ikakwama kwenye foleni. Adhana ya alasiri ikatukuta palepale. Simu ikalia: mama wa bibi harusi.

"Mko wapi? Bwana harusi karowa jasho. Shehe anasema Shemeji Haji atoe idhini kwa simu, yeye amwozeshe kwa niaba yake."

Nikajiinamia. Kumbe idhini hiyo ingeweza kutolewa Mkokotoni, mtu kakaa barazani kwake! Mjomba akaninyang'anya simu.

"Shemeji, mie sikuruka angani nije kuozesha kwa simu. Asiguswe mtu mkono mpaka nije."

Akashuka, akakunja kanzu mpaka magotini, akasimamisha bodaboda. Maishani mwake hajapata kupanda.

"Twende, mwanangu," akamwambia dereva. "Ukiniua, niue baada ya ndoa."

Nilipofika msikitini na teksi yangu, ndoa ilikuwa imeshafungwa. Mjomba alikuwa amekaa karibu na mkwewe mpya, kofia imegeuka nyuma mbele, ndevu zimejaa vumbi.

"Umepotelea wapi?" akaniuliza. "Tumekusubiri!"

Kesho yake tulirudi. Nilichojifunza ni kwamba anayekutajia dakika za ndege anakuhesabia anga peke yake. Ya chini utayajua mwenyewe.

Mkokotoni watu walimzunguka mjomba, wakamuuliza kama Dar ni mbali.

"Dar karibu," akasema. "Mbali ni Mbagala."