Sanduku Lililorudi Maganzo

Katika mtaa wa Kambarage, mjini Shinyanga, mtu aliyenunua sanduku jipya hakujisifu mpaka Fundi Zamoyoni alipokwisha kulikagua. Zamoyoni alikibonyeza kifuniko kwa goti, akazipima kona kwa kidole gumba, akapapasa mishono ya ndani, kisha akamwarifu mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba ameuziwa karatasi. Mara nyingi ilikuwa kweli. Mengi ya masanduku ya miaka ile yalikuwa karatasi ngumu iliyopakwa rangi ya ngozi, na kila kishikio kilishikwa na vijipini viwili. Yalidumu vizuri kwa watu wasiosafiri.

Wanaosafiri ndio waliomlisha. Walishuka kwenye treni ya Mwanza wameshika kishikio peke yake, sanduku limekumbatiwa na ndugu. Walitoka migodini huko Geita na bawaba zilizong'oka juu ya keria ya basi. Zamoyoni aliwawekea kona za ngozi ya ng'ombe, akagonga ribiti, zile pini nene za shaba, akawahubiria. Kazi ilipokwisha, ilirudi upesi kwa yule aliyeileta. Kanuni hiyo aliishika miaka ishirini, na hakuwahi kuambatanisha maelezo. Kazi nzuri, alisema, ina mdomo wake.

Mwaka 1974 binti yake Mwahija alichumbiwa na Majaliwa, kijana wa Maganzo aliyewauzia wachimbaji wa almasi sururu na chekeche. Mwahija alimpenda, na alikuwa ameshawakataa wawili kabla yake. Posa ilikubaliwa, tarehe ya ndoa ikapangwa, na Jumapili moja shangazi wa Majaliwa, Bi Tabu, aliyemlea tangu utotoni, akaja na wanawake sita kuleta sanduku la bibi harusi.

Lilikuwa sanduku jekundu, jipya, na lilifika limefungwa kamba ya katani. Utingo alikuwa amelitupa chini kutoka kwenye keria, na komeo moja likafyatuka. Wanawake hawakujali. Walifungua, wakapiga vigelegele, wakainua kimoja kimoja: doti nane za kanga, gauni mbili, viatu vya kisigino, marashi, udi. Mkewe Zamoyoni, Mwaisha, alilia kidogo, kama inavyotakiwa. Zamoyoni aliombwa atoe maoni yake. Alisema bawaba hizo hazitamaliza mwaka.

Siku iliyofuata Mwaisha na Mwahija walikwenda msibani Didia. Zamoyoni alibaki peke yake nyumbani na lile sanduku, na hilo halikuwa jambo la busara. Alizitoa nguo zote, akazifunga vizuri ndani ya shuka, kisha akalivua sanduku karatasi yake mpaka fremu ya mbao. Kwa siku mbili hakupokea mteja. Aliweka ngozi kwenye kona, bawaba za chuma, ribiti ishirini na nne, kishikio cha ngozi ya shingo ya fahali. Alipomaliza alilitazama kwa muda mrefu, akaridhika. Nani alilileta? Watu wa Maganzo. Basi akalipeleka stendi, akampa utingo mmoja aitwaye Masele, akamwagiza alifikishe kwa Bi Tabu.

Masele alilifikisha kwa uangalifu. Alimkuta Bi Tabu kando ya barabara anauza mihogo ya kukaanga, akamwekea miguuni, akamwita mama kwa Kisukuma.

"Mayu, mzigo wenu umerudi kutoka Shinyanga."

Bi Tabu akalifungua mbele ya wateja. Lilikuwa tupu.

Hakuna mtu wa Maganzo aliyehitaji kuelezwa. Sanduku la bibi harusi likirudishwa, mwanamume amekataliwa. Likirudishwa tupu, amekataliwa na watu waliopenda doti nane za kanga. Kabla ya adhuhuri habari ilikuwa imefika machimboni. Majaliwa alifunga duka. Wenzake walimfariji kwa namna yao: walimuuliza kama anakusudia kutuma na sanduku la pili, maana wapo mabinti wengine wasio na nguo.

Mwaisha na Mwahija walirudi Alhamisi. Waliona bunda la shuka juu ya kitanda, wakauliza sanduku liko wapi. Zamoyoni akajibu kwa furaha ya fundi kwamba amelipeleka Maganzo, wakajionee kazi.

Mwahija aliketi chini palepale. Mama yake ndiye aliyesema.

"Baba Mwahija, umemkataa mkweo."

"Nimemtengenezea."

"Uliandika barua?"

Zamoyoni akaanza kuzieleza zile bawaba. Katikati ya maelezo akaanza kuulizia basi la kwanza la Maganzo.

Asubuhi ya Ijumaa walikuwa Maganzo, yeye na mkewe. Bi Tabu alipokea shikamoo zao kwa marahaba nyembamba, akawapa viti, hakuwapa chai. Sanduku lilikuwa katikati ya chumba kama maiti. Zamoyoni, ambaye hakuwahi kumwambia mteja yeyote kwamba yeye fundi amekosea, aliona njia rahisi ni kuanzia na kona. Alisema ngozi hiyo haipitishi maji. Alisema karatasi haiwezi kubeba maisha ya mtu. Bi Tabu akamwambia Mwaisha kwamba fundi huyu akizikwa, aandaliwe jeneza lenye ribiti, asije akafufuka kulikagua.

Majaliwa alikuwa amesimama mlangoni. Macho yake yalikuwa mekundu, na hakujaribu kuyaficha.

"Baba, mimi sijui mambo ya bawaba," alisema. "Unanitaka au hunitaki?"

Zamoyoni alimtazama yule kijana, pengine kwa mara ya kwanza tangu amchumbie binti yake.

"Nakutaka, mwanangu. Nisilolitaka lilikuwa sanduku. Nimekosa."

Mwaisha alisema baadaye kwamba katika miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kulisikia neno hilo la mwisho, na alitamani lirudiwe. Bi Tabu alimtoza faini ya mbuzi, kisha akaenda kubandika chai.

Ndoa ilifungwa siku ileile iliyopangwa. Tangu hapo, mzigo wowote unaotoka kwa Fundi Zamoyoni hubandikwa kikaratasi chenye mwandiko wa mkewe: Limetengenezwa. Halijakataliwa.