Mwatiko Waliolishwa Mabibo

Samahanini kwa mwandiko wangu wa kuinama na kwa herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la saba, na kuandika kwangu ni kama kulima: polepole, nikisimama kunyoosha mgongo.

Kwetu ni Likunja, Ruangwa, mbali na bahari. Hata hivyo mimi na mama tunafuga mwatiko, samaki wa bahari anayevumilia maji yasiyo na chumvi. Mjomba alituletea vifaranga kutoka pwani, tukawatia kwenye bwawa tulilochimba bondeni, palipokuwa na jaruba la mpunga.

"Mmewawekea chumvi?" majirani walituuliza kila tulipopita.

Mama alicheka nao, lakini mimi aliniambia, "Wakifa hawa, tunarudisha mpunga."

Sikutaka mpunga. Nilitaka samaki. Unakaa nao asubuhi nzima na hakuna anayekulazimisha kuongea.

Msimu wa korosho bibi alikuja kutoka Chiola, Nachingwea, kutusaidia kuokota. Kwetu ukishang'oa korosho, mabibo mengi, yale matunda yanayobeba korosho, hubaki chini ya mti. Bibi hapendi kitu kitamu kioze bure. Kila jioni alipeleka tenga zima na kulimwaga bwawani.

"Wamekonda wajukuu zangu hawa," alisema. "Nawanenepesha."

Asubuhi moja nikakuta samaki wameinua midomo juu ya maji, wanahema. Wachache walielea kwa ubavu. Mjomba alikuja na baiskeli, akashika kichwa. Alikuwa amesikia redioni habari za kirusi kinachoua samaki wa kufugwa, kisicho na dawa.

"Tuwafukie wote," alisema. "Tumwage chokaa."

Mama alilitazama bonde, akataja mpunga.

Mimi simu ikiita humpa mtu mwingine aipokee. Siku hiyo nilimpigia mwenyewe afisa uvuvi. Alifika na pikipiki, akachuchumaa, akateka maji kwa kiganja na kuyanusa.

"Bibi, mnapika pombe humu?"

"Astaghfirullah! Sisi?"

"Basi samaki wenu wanapika."

Mjomba alicheka mpaka akakaa chini. Afisa akatueleza kwamba mabibo yakioza humaliza hewa iliyomo majini.

"Kirusi sikioni kwa macho," alisema. "Nachukua wawili wakapimwe. Lakini tuanze na maji. Hata kama kirusi kipo, samaki aliyekosa hewa hana nguvu ya kupambana nacho. Na wavu na ndoo zenu zisiende kwenye bwawa la mtu mwingine mpaka majibu yaje."

Tuliopoa mabibo, tukafungulia maji machafu yaingie shambani, tukaingiza mapya kutoka kijitoni. Bibi alikaa ukingoni akipigapiga maji kwa sufuria ili hewa iingie.

"Pumueni, walevi nyie!"

Kesho yake midomo ilikuwa imeshuka. Baadaye afisa alipiga simu, na niliipokea mimi: kirusi hakikuonekana. Mama alichukua mbegu ya mpunga aliyokuwa ameitenga, akaitwanga, tukala wali kwa mwatiko wetu wa kwanza.

"Mnaona?" bibi alisema, akinyonya mfupa. "Wamenenepa."

Kama nawe unafuga samaki mbali na bahari, niandikie. Nieleze maji yako yana rangi gani asubuhi, na unawalisha nini. Kuongea naona haya, lakini barua nitaijibu, polepole.