Mshale wa Wifi

Miaka ile sabuni ilipopatikana kwa foleni, nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Bunda, tukiishi Manyamanyama, na nilikuwa na kipima mvua. Nilikitengeneza mwenyewe kwa kopo la maziwa ya unga, nikalifukia nusu nyuma ya jiko, nikapimia rula ya shule. Kila asubuhi niliandika kwenye daftari. Wakulima wa pamba walipita kuniuliza kama wapande au wangoje. Nilipenda kuulizwa.

Kisha biashara ikafunguliwa, maduka yakajaa. Wifi yangu, dada wa mume wangu aliyekaa Nyasura, akarudi kutoka Sirari mpakani na kituo kizima cha hali ya hewa ndani ya boksi: kipima mvua cha plastiki chenye mistari, kipima joto, na chombo cha ukutani kama saa, chenye mshale wa kuonyesha kama inakuja mvua au jua. Yeye alikuwa muuza dagaa. Mambo ya hewa hakuwahi kuyasoma popote. Haikuisha wiki, wakulima wakawa wanapita mbele ya nyumba yangu kwenda kwake bila hata kugeuza shingo.

Nilikwenda kumpongeza. Ukweli, nilikwenda kuutazama huo mshale. Ulikuwa umesimama kwenye mvua, na nje jua linawaka. Nikakumbuka somo la chuoni: chombo kile hupima uzito wa hewa, na kiwandani huwekwa kwa ajili ya watu wa usawa wa bahari. Huku kwetu juu lazima kwanza uzungushe skrubu ya nyuma, la sivyo mshale unakwama kwenye mvua. Nilikunywa chai yake, nikanyamaza.

"Wifi, huu haudanganyagi," aliniambia. "Kesho kutwa napanda."

"Wewe ndiye mwenye kifaa," nikamjibu.

Alipanda mahindi kwenye udongo mkavu, na majirani wawili wakamfuata. Mvua ilichelewa wiki tatu. Panya wakafukua mbegu zote. Nilipolipita lile shamba nilifurahi, kisha nikashindwa kula mchana.

Hata hivyo nilitaka kummaliza kabisa. Mvua ilipoanza, nilimwomba bwana shamba anipe vipimo vya ofisini kwake, nikavilinganisha mwezi mzima na vyangu na vya wifi, nilivyosikia kwa wakulima. Kipima mvua cha wifi kilikubaliana na cha ofisi karibu kila siku. Kopo langu lilizidisha kila mvua kubwa. Bwana shamba alikuja kulitazama, akanieleza kwa upole kwamba liko chini mno, maji yanaruka kutoka ardhini na kuingia. Daftari langu lilijaa mvua ambayo haikunyesha.

Nilichukua bisibisi nikaenda Nyasura, nikamweleza wifi habari ya skrubu. Alikuwa anachambua dagaa.

"Ulijua tangu siku ile ya chai?"

"Nilijua."

Aliendelea kuchambua. Mwishowe akasema, "Zungusha basi." Nikazungusha, mshale ukasogea kidogo kidogo kuelekea jua. Hakunishukuru, wala sikutegemea.

Baadaye nilinunua kipima mvua cha plastiki sokoni Bunda, nikakifunga juu ya nguzo. Kwa hela niliyotoa, hicho peke yake kilitosha kabisa. Watu waliendelea kwenda kwake. Na mimi, kila mvua ilipokatika, kabla sijasoma changu, nilijiuliza yeye amepata milimita ngapi.