Upande wa Kufungulia

"Shosho, hiki lazima ukione," mjukuu wangu aliniambia juzi hapa Kangemi, akaniwekea mapajani kitabu cha picha cha Wajapani, cha wale samurai wa kupigana na mapanga marefu. Kimeandikwa Kizungu. Kilinuka wino, na pua yangu ikanirudisha kwetu, utotoni.

Mwalimu alikuwa amekuja kuchagua mmoja wetu wa kwenda shule, mimi ama dada yangu. Jina la mwalimu huyo ninalo kichwani mpaka leo, hata la mbwa aliyembwekea. Akatupa kila mmoja kitabu. Dada akakifungua vizuri. Mimi nikaanzia nyuma, maana huko niliona picha ya mtu ameshika mkuki.

"Huyu bado," mwalimu akamwambia baba. "Huyu abaki na mbuzi."

Wote wakacheka. Na mimi nikacheka.

Basi hicho cha mjukuu nikakipapasa, nikakigeuza, nikakifungua kutoka nyuma. Samurai alikuwa amesimama kwenye mvua, hajachomoa panga bado.

"Wee, Shosho!" mjukuu akaruka. "Hivi vitabu huanzia nyuma, na kila mtu hukosea. Wewe nani alikufundisha?"