Mpokea Simu wa Kiwanda cha Trekta

Mpokea simu wetu ana sauti ya kubembelezea mtoto, na akiongea kidole chake hakiachi kuusokota waya wa simu. Kiwanda hiki cha trekta zinazovuta kwa magurudumu yote manne kilianzishwa na ndugu wawili, kikauzwa, kikauzwa tena, hata bosi ni nani sasa sijui. Trekta ni zilezile. Hubadilika rangi na jina tu. Siku hizi kabla ya kujibu hutazama fulana yake, halafu kikombe, halafu kalenda, na kila kimoja kina jina tofauti la kiwanda. Leo kapiga mkulima, trekta imemzimikia shambani na mvua ndiyo hiyo.

"Dada, hapo ni kiwanda gani?"

Akachungulia dirishani. Fundi rangi alikuwa juu ya ngazi, kwenye kibao cha getini.

"Usikate, kaka," akasema. "Ndiyo kwanza anaandika."